Bwawa la nyuma ya nyumba limegeuka kijani: nifanyeje nione samaki wangu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina bwawa la saruji nyuma ya nyumba hapa Ilazo, Dodoma, lenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kina cha mita 1. Nilianza mwaka jana na vifaranga 60 vya sato. Nawapa pumba za mahindi asubuhi na jioni, na kila wiki naweka samadi ya kuku kidogo kama nilivyoelekezwa. Tangu Septemba maji yamekuwa kijani kama mlenda. Nimeyamwaga yote mara mbili na kujaza upya, lakini hazipiti wiki 2 yanarudi vile vile. Wiki iliyopita alfajiri nilikuta samaki wanahema juu ya maji, na 7 wameshakufa. Jirani ananishauri niweke mrututu, ile dawa ya bluu yenye shaba. Je, niweke? Na nifanyeje ili niwe ninawaona samaki wangu?

Jibu: Marahaba, na pole sana kwa samaki uliowapoteza. Kwa kuwa wenzao bado wamo katika maji hayo hayo, naanza na lile lisiloweza kusubiri: usiweke mrututu. Sababu nitazieleza mbele kidogo. Kwa wiki hii acha samadi kabisa, acha kulisha kwa siku 3, na kila alfajiri, kati ya saa 10 na saa 12, chota maji ya bwawa lenyewe kwa ndoo na uyamimine kutoka juu, usawa wa kifua, ili yaanguke kwa kishindo na kuingia na hewa. Kama una pampu ndogo, elekeza mpira wake juu na uache maji yarudi bwawani kama mvua. Usiwe na wasiwasi juu ya njaa: sato mwenye afya hadhuriki kwa siku 3 bila chakula, tena katika maji ya kijani namna hiyo bado ana cha kula.

Samaki wako walikufa kwa kukosa hewa. Kijani unachokiona ni mwani, yaani mimea midogo mno ambayo huwezi kuuona mmoja mmoja kwa macho, lakini ikiwa mingi hupaka maji rangi. Mchana, jua likiwaka, mwani hutengeneza chakula chake na kutoa oksijeni majini, na ndiyo maana alasiri samaki wako huwa wachangamfu. Usiku hakuna jua, hivyo mwani hautoi tena oksijeni, bali huivuta kama samaki wanavyoivuta, pamoja na bakteria wanaoozesha tope la chini. Wote hao wanagombea akiba ile ile ya mchana, nayo hupungua saa kwa saa hadi inafika chini kabisa karibu na mapambazuko. Siku ambayo kumekuwa na mawingu, au usiku ambao upepo umetulia kabisa, akiba hiyo haifiki asubuhi. Samaki hupanda juu, hupanua midomo na kunyonya ile ngozi nyembamba ya maji iliyogusana na hewa. Ukiwaona wanahema hivyo saa 11 alfajiri na ifikapo saa 3 wamerudi chini kana kwamba hakuna kilichotokea, usidhani wamepona wenyewe, kwa sababu usiku unaofuata tatizo litarudi.

Hata hivyo, ningependa usiuchukulie mwani wote kuwa adui. Sato ni samaki anayekula mwani, na mfugaji wa samaki wa kula hutafuta kijani chepesi kwa makusudi. Kinachotofautisha neema na hatari ni wingi wake, na wingi huo unapimika bila kifaa cha kununua. Chukua kifuniko cha kopo la rangi, kipake nusu nyeupe na nusu nyeusi, kitundike kwenye kamba yenye vifundo kila baada ya sentimita 10, kisha kiteremshe majini mchana wa saa 6 mpaka kipotee machoni. Kikipotea kati ya sentimita 30 na 40, bwawa la sato liko pazuri. Kikipotea kabla ya sentimita 20, uko katika hali ile iliyoua samaki wako. Kwa maelezo yako ya mlenda, nadhani kifuniko chako hakitafika hata sentimita 15.

Kabla ya lolote lingine, hakikisha kwamba ni mwani kweli na si udongo, maana kwa vumbi la Dodoma na upepo wa kiangazi mambo hayo mawili huchanganyika. Jaza maji ya bwawa katika chupa ya kioo, iweke mahali penye kivuli na uiache siku nzima. Udongo hutua chini taratibu na kuacha utando wa rangi ya kahawia. Mwani hubaki ukielea na kijani chake. Halafu tazama juu ya bwawa asubuhi, upande ule ambao upepo husukumia takataka. Ukiona utando mzito unaofanana na rangi ya mafuta iliyomwagika, wa kijani kinachoelekea bluu na wenye harufu ya uvundo, huo ni mwani wa bluu-kijani, ambao kwa asili yake ni bakteria. Aina zake nyingine hutoa sumu inayodhuru ini, kwa hiyo usiruhusu kuku, mbuzi wala mbwa wanywe humo, uondoe utando huo kwa chujio la kitambaa na kuufukia mbali. Aina hiyo ndiyo pia huwapa samaki ile ladha ya udongo ambayo watu hulalamikia mezani.

Sasa nije kwenye kiini cha swali lako. Mwani ni mmea, na mmea hauoti bila mbolea. Mbolea yake ni naitrojeni na fosforasi, na vyote viwili unaviingiza mwenyewe kila siku kwa pumba na kila wiki kwa samadi. Katika kila sehemu 4 za naitrojeni iliyomo kwenye chakula cha samaki, takriban sehemu 1 ndiyo inayogeuka kuwa nyama. Zilizobaki hutoka kama amonia, taka yenye sumu, kupitia mashavu na kama kinyesi, na hubaki majini. Pumba za nafaka zina tatizo la ziada, kwa sababu sehemu kubwa ya fosforasi yake imefungwa katika umbo ambalo tumbo la samaki haliwezi kuliyeyusha, hivyo hupita moja kwa moja hadi kwenye tope. Samadi ya kuku nayo ni mbolea kamili. Kuiweka katika bwawa ambalo tayari ni kijani ni sawa na kulipalilia shamba la mwani. Ushauri uliopewa wa kuweka samadi unafaa bwawa jipya la udongo lenye maji meupe, wala hauhusu bwawa dogo la saruji linalolishwa pumba.

Kuna jambo jingine ambalo wafugaji wengi wa kanda hii ya kati hawalioni, nami naomba ulitazame kwa makini, kwa kuwa ndilo linalolitofautisha bwawa la Dodoma na bwawa la Bukoba au Tukuyu, kwenye mvua nyingi. Hapa mvua ni ya msimu mmoja, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600, ilhali jua na upepo hupandisha maji mara kadhaa ya kiasi hicho. Tuseme bwawa lako linapoteza milimita 6 kwa siku. Kwa eneo la mita za mraba 12, hizo ni lita 72, yaani ndoo tatu na nusu hivi za lita 20, kila siku. Kuanzia Mei hadi mwisho wa Septemba zinafika karibu lita 11,000, na bwawa lako zima ni lita 12,000. Jua hupandisha maji matupu. Chumvi, fosforasi na naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, haziondoki nayo. Ukijazia kila siku kwa mpira unaona bwawa limejaa na unahesabu kuwa umeongeza maji mapya, kumbe umeongeza chumvi nyingine ya kisima juu ya ile iliyokwisha baki. Kujazia si kubadilisha. Bwawa la namna hiyo linachemka polepole kama sufuria ya supu isiyoipuliwa, na kila mwezi mchuzi wake unazidi kuwa mzito. Ndivyo ulivyofika Septemba na kijani cha mlenda.

Utaniuliza: basi mbona nilipomwaga yote halikutakata? Kwa sababu ulimwaga maji ukaacha tope. Sentimita chache za tope jeusi la kinyesi na pumba zilizooza zinashikilia mbolea nyingi kuliko maji yote yaliyo juu yake, na zinaitoa tena maji mapya yakishatulia. Kuta nazo zilibaki na ukoga wenye chembe za mwani, na siku ya pili pumba zikaendelea. Zaidi ya hapo, maji ya bomba hutiwa klorini, ambayo huunguza mashavu ya samaki na kuua bakteria wema wanaogeuza amonia. Maji hayo ni lazima kwanza yalale katika tangi lililo wazi siku 1 hadi 2 kabla ya kuingia bwawani.

Hivyo usimwage yote tena. Anza kuvuta tope. Tafuta mpira wa inchi 1, ujaze maji, uzibe ncha kwa kidole gumba, uzamishe ncha moja hadi sakafuni na uiachie nyingine mahali palipo chini kuliko bwawa. Maji yatavutwa yenyewe bila pampu. Tembeza ncha ya ndani polepole kama anayefagia, ukianzia kona ambayo chakula hurundikana. Mwanzoni kitatoka kitu cheusi chenye harufu ya yai bovu, na usishtuke. Toa kama lita 1,200 kila wiki, yaani sehemu ya kumi ya bwawa, kwa mwezi mmoja; baadaye nusu yake inatosha. Najua lita 1,200 ni ndoo 60, na katika mji wetu huu wa shida ya maji mtu hawezi kuzimwaga mtaroni kwa moyo mweupe. Zipeleke kwenye bustani badala ya maji ambayo ungelimwagilia. Matembele, mchicha na migomba huyapenda mno, kwa maana yale yanayochafua bwawa ndiyo yanayokuza mboga. Nimeona tuta la matembele lililomwagiliwa hivyo huko Nkuhungu, majani yake mapana kama kiganja, wakati tuta la jirani lake lililonyweshwa maji ya kisima peke yake lilikuwa limenyong'onyea. Kila unapochuma fungu la mchicha, umetoa mbolea nje ya bwawa moja kwa moja, na hiyo ni njia ya kweli ya kuunyima mwani chakula.

Upande wa kulisha, pima badala ya kukadiria kwa bakuli. Samaki 53 wenye wastani wa gramu 200 wana uzito wa kilo 10 na ushei, na asilimia 2 ya uzito huo ni kama gramu 200 kwa siku, asubuhi gramu 100 na alasiri gramu 100. Usilishe kabla jua halijapanda vizuri, kwa sababu oksijeni inakuwa bado ndogo. Nakushauri uhamie chakula cha kuelea, hata kama bei yake ni kubwa kuliko pumba, kwani unakiona kinavyoliwa na unajua pa kukomea. Kile kisichoisha kwa dakika 10 hadi 15, kichote kwa chujio. Chunguza pia kama sato wako wamezaana. Uliponunua vifaranga, kama havikuwa vya dume watupu, kwa sasa una kizazi cha pili na pengine cha tatu, na idadi ya samaki si 53 bali ni mamia. Vua wadogo kwa wavu. Idadi ya samaki 3 hadi 5 kwa kila mita ya mraba ndiyo kiasi ambacho bwawa lisilopigwa hewa linaweza kukibeba.

Mwani unahitaji pia mwanga, na bwawa la mita 1 chini ya jua la Dodoma, maji yake yakiwa meupe, linapata mwanga hadi sakafuni. Funika nusu yake hadi theluthi mbili kwa neti ya kivuli, ile wanayotumia wakulima wa vitalu, ukianza na upande wa magharibi kwa ajili ya jua kali la alasiri. Wengine hutegemea kivuli cha mwarobaini kwa kuwa ndio mti uliopo karibu kila ua hapa mjini. Mimi siupendi juu ya bwawa, maana hupukutisha majani kwa wingi na majani hayo yana viini vinavyoweza kudhuru samaki. Ukitaka kivuli cha mmea, jenga kichanja na upandishe pasheni. Mzabibu nao ni kivuli kizuri na ni fahari ya Dodoma, ila mizabibu hupuliziwa dawa za ukungu zenye shaba au salfa, na matone ya shaba yakidondokea bwawani yatadhuru samaki. Kama utauweka, basi usiupulizie kabisa. Majini kwenyewe yungiyungi wachache ndani ya ndoo zenye udongo wanatosha. Gugu maji usililete hata shina moja, hata ukiambiwa linasafisha maji. Shida ambayo gugu hilo lilileta katika Ziwa Victoria inafahamika.

Ukishapunguza mbolea na mwanga, kichujio kitamalizia kazi, na unaweza kukitengeneza kwa mapipa 2 ya plastiki ya lita 200. Maji ya pampu yaingie pipa la kwanza kutoka chini, yapande polepole ili uchafu mzito utue, kisha yahamie pipa la pili lililojazwa kokoto za ukubwa wa yai au vipande vya nyavu kuukuu za kuvulia, na hatimaye yaanguke bwawani kutoka juu ili yapate hewa. Tafuta pampu inayoweza kupitisha maji yote ya bwawa angalau mara 1 kila saa 2, yaani lita 6,000 kwa saa. Juu ya kokoto hizo wataota bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na kisha naitreti, kazi ambayo huchukua wiki 4 hadi 6 kukomaa, kwa hiyo usikate tamaa katika wiki ya pili. Ukisafisha kokoto, zisuuze kwa maji ya bwawa lenyewe na kamwe si kwa maji ya bomba. Bakteria hao wanahitaji oksijeni: umeme ukikatika kwa saa nyingi, maji yaliyosimama ndani ya mapipa huoza, na ukiwasha pampu tu utakuwa umewarushia samaki sumu. Kwanza yamwage yale ya mapipa bustanini, ndipo uwashe. Naitreti inayobaki mwishoni haiondolewi na kichujio, bali na bustani yako.

Sasa mrututu. Kwa kemia ni salfeti ya shaba, na ni kweli huua mwani. Kiasi salama hutegemea ualkali wa maji, yaani kiasi cha madini yake yanayopunguza makali ya asidi: maji yenye ualkali wa miligramu 100 kwa lita hupewa miligramu 1 kwa lita, na kwa bwawa lako hiyo ni gramu 12 tu. Kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kinazidi hapo. Katika maji yenye ualkali mdogo shaba humwua samaki mwenyewe, na katika maji magumu ya visima kama mengi ya huku, hujishikiza na chumvi na kuzama topeni bila kufanya kazi, ikirundikana katika tope lile lile ninalokuambia upeleke kwenye mchicha. Lakini hata ungepatia kipimo, ungefika mahali pabaya zaidi. Mwani wote ukifa kwa siku moja huoza kwa pamoja, bakteria wanaouozesha huvuta oksijeni yote, na alfajiri ya siku ya pili au ya tatu ungekuta samaki wengi zaidi ya 7 wameelea. Kisha mbolea iliyokuwa ndani ya mwani ingerudi majini na kukuza mwani mwingine. Kwa sababu hiyo hiyo sikushauri klorini. Shabu, yaani alamu, ni ya kufanya udongo utue chini, si ya kuua mwani.

Jihadhari pia na mchana wa saa 9. Mwani mwingi hunyonya kaboni majini na kupandisha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, ambayo asubuhi inaweza kuwa 7.5 na alasiri ikafika 9 au zaidi. Katika pH ya 7 amonia iliyo katika umbo la sumu haifiki hata asilimia 1. Katika pH ya 9, kwa joto letu, inafika karibu theluthi ya amonia yote. Usimwongezee samaki chakula saa hizo kwa kuwa tu anaonekana mchangamfu.

Ukifuata haya, tarajia kijani kuanza kufifia katika wiki ya tatu au ya nne. Maji yakishaanza kutakata utaona kitu kingine: nyuzi ndefu za kijani zitaota ukutani, kwa sababu sasa mwanga unaufikia mwani wa kuta ambao mwanzoni ulikuwa gizani. Chukua fimbo yenye ncha isiyo laini, izungushe ndani ya nyuzi hizo kama anayezungusha tambi kwenye uma, zitajiviringisha na utazitoa kwa mafungu. Ukoga mwembamba laini wa kutani uache, maana sato huuparuza na kuula. Kuhusu kuona sakafu, niseme wazi kwamba bwawa la sato wa kula halitakiwi kutakata kiasi hicho, na ukiona kifuniko chako hadi sentimita 40 samaki utawaona vizuri wanapopanda kula. Ukitaka maji kama ya glasi, punguza samaki hadi 15 au 20 na ulishe kidogo sana.

Jambo la mwisho lina tarehe. Mvua za kwanza za Desemba huokota mavi ya mbuzi, majivu na vumbi la miezi saba na kuvisukuma hadi mahali palipo chini kabisa uani. Pandisha ukingo wa bwawa kwa tofali hadi sentimita 30 juu ya ardhi kabla ya mwisho wa Novemba, uchimbe na mfereji mdogo upande wa juu wa mteremko. Katika siku za mwanzo za mawingu mazito punguza chakula nusu, uamke saa 10 alfajiri na tochi kuangalia kama kuna samaki anayehema.